Kikomo cha Memori na Ng'ombe wa Mzee Jilala

Jumanne, 3 Juni
Mzee Jilala wa Mhunze ameniletea video ya mahari aliyomlipia mwanawe. Harusi Jumamosi. Anataka kila ng'ombe aonekane kichwa hadi mkia, mkwe asije akasema alipunjwa. Nimeanza kuhariri, kompyuta imeganda. Programu ya video inakula memori yote. Uchovu mtupu.

Jumatano, 4 Juni
Dawa imepatikana. Kompyuta inaruhusu kuiwekea programu kikomo cha memori; ikivuka, inazimwa. Programu ya video nimeipa robo. Iliyobaki ni ya brauza, maana naangalia mpira. Sostenes, mwenye steshenari ya jirani hapa Geita, kaniambia, Baba Nelly, si ufunge mpira kwanza? Ana kompyuta mpya, ndiyo maana anajiona.

Alhamisi, 5 Juni
Programu imezimwa katikati ya kusevu. Nimerudia, imezimwa tena. Kikomo hakina kosa, ng'ombe ndio wamezidi. Kuna madume wawili wa kijivu wanaofanana. Nimemtoa mmoja. Imesevu. Nani atajua?

Ijumaa, 6 Juni
Mzee Jilala amejua. Nilimpa shikamoo, akaitikia vizuri, akatazama hadi mwisho. Kisha akauliza kwa upole yuko wapi dume wake mwenye pembe iliyopinda. Dume huyo mkwe ameshamchinja, na video ndiyo ushahidi pekee kwamba alifika. Asipoonekana kesho, wazee watagombana ukumbini mbele ya maharusi. Niliona aibu, sitaficha.
Nimemrudisha dume. Programu imezimwa. Mpira nimeuacha, ilikuwa dakika za nyongeza.
Jioni Sostenes kaona uso wangu, akaniazima kompyuta yake mpya bila kunisimanga. Nusura nilie.

Jumamosi, 7 Juni
Asubuhi. Kompyuta ya Sostenes inakwenda vizuri. Dume yumo, na pembe yake. Video inasevu, imebaki kidogo tu. Ila nimeona programu inakula memori ya mwenzangu bila adabu. Mtu kanitendea wema, nimrudishie kompyuta isiyo na nidhamu? Nimeiwekea kikomo.
Imezimwa.
Mzee Jilala yuko mlangoni na suti yake. Nimemwambia akae kidogo. Tatizo nimeshaliona: kikomo nilichoweka kilikuwa kikubwa mno. Nakipunguza.