Kituo cha Wakurugenzi

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Mzee Massoudi alizipanga kofia zake tatu juu ya meza ya kituo cha polisi, akazipigia saluti moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ilikuwa ya ujandarme, wale polisi wa kijeshi wa zamani. Hiyo aliivaa lori likikaribia, maana madereva waliiogopa kuliko mamba wa mto Rusizi. Ya pili, ya polisi wa mjini, ilikuwa ya kuwatuliza wauza ndagala, dagaa wa ziwani, wakishikana mashati. Ya tatu ilikuwa bereti ya polisi mpya iliyoletwa na mikataba ya amani. Hiyo ilitoka wakipita watu wa Umoja wa Mataifa tu, kisha ikarudi kwenye mfuko wake wa plastiki.

"Historia ya polisi ya inchi hii," alipenda kusema huku akijigonga utosini, "yote iko hapa!"

Na kweli ilikuwa hapo, juu ya kichwa. Ndani ya kichwa hakuna aliyewahi kuchungulia.

Houda alikuwa akiyaandika maneno hayo yote. Alikuwa msichana wa mtaa wa Buyenzi, mwenye miwani minene na sauti nyembamba, na alishuka Buterere, kwenye kituo hicho, kutafuta habari za tasnifu yake ya chuo kikuu kuhusu historia na mpangilio wa polisi. Vitabu vya utawala alivimaliza, hata vile ambavyo panya walikuwa wamevianza. Maswali alikuwa nayo tele. Tabu ilikuwa mdomo. Kila alipoufungua kuuliza, ulitoa "Asante, mzee," ukajifunga wenyewe.

Mwaka huo wa 2005, milima ya juu ya mji bado ilikuwa ikikohoa risasi, lakini serikali ilikwisha kuamua kwamba majandarme, polisi wa mjini, polisi wa mipaka na wapiganaji waliotoka msituni wawe polisi mmoja. Kwenye redio jambo hilo lilisikika tamu kama wimbo wa harusi. Kituoni lilikuwa kama kupika ndagala, sukari na mkaa katika chungu kimoja!

Walikuwa wanaume sita, na kila mmoja alikuwa mkubwa. Méthode, aliyetoka msituni, alikuwa kanali. Cheo hicho alijipa mwenyewe chini ya mgomba, bila shahidi.

"Kanali wa wapi?" Massoudi alimcheka. "Wa nyani?"

"We gendarme, nyamaza! Siku ile nilikuya na watu wangu, si ulikimbia?"

"Apana! Nilirudi nyuma kwa mpango!"

"Mpango gani wa kuacha kiatu?"

Basi ikaja habari kwamba Ijumaa komiseri wa polisi atashuka kutoka Kiriri, mlima wa wakubwa, kuchagua mkuu wa kituo. Massoudi akahesabu siku zilizobaki. Kosa lake ni kwamba alikwisha kuwatangazia mke wake, wakwe zake na msikiti mzima kuwa mkuu ni yeye. Mkwe mmoja alikwisha hata kuchinja mbuzi! Akikosa kiti kile, ataswali wapi?

"Binti yangu," alimnong'oneza Houda, "we umesoma. Nichoree ile kitu ya masanduku na mishale, yenye kuonyesha nani iko chini ya nani. Mi niweke juu kabisa. Hawa wengine waweke chini, lakini usiwakasirishe. Hawa watu wako na bunduki."

Houda, ambaye sokoni alishindwa kuuliza hata bei ya nyanya, kwenye karatasi alikuwa jemadari. Mafarao walikuwa na piramidi. Yeye alikuwa na rula! Alichora hadi vidole vikageuka buluu. Ili amani idumu, kila mtu alimpa sanduku la heshima. Méthode akawa Mkurugenzi wa Operesheni. Jérémie, aliyelinda lango kwa filimbi, akawa Mkurugenzi wa Mawasiliano. Mwenye baiskeli akapata Usafiri, mpika maharage akapata Mikakati ya Lishe. Yule aliyesinzia mchana kutwa alipewa Utafiti, kwa kuwa alionekana mtu wa kufikiri sana. Juu yao wote akakaa Massoudi, Mkurugenzi Mkuu.

Méthode alisoma sanduku lake mara mbili, akampa Massoudi mkono. Hata kule Arusha, kwenye mikataba ya amani, hawakupatana haraka vile! Houda alitazama mishale yake, akajiona ameponya taifa.

Ijumaa jeep ya komiseri ikafika, inang'aa kama kijiko cha harusi. Komiseri akaingia ndani, wakurugenzi wakamfuata, na Jérémie nyuma yao.

"Jérémie, lango!" Massoudi alisema kwa meno.

"Apana, shefu. Mi ni directeur sasa. Directeur anasimama kwa lango namna gani?"

Hotuba zikaanza. Kila mkurugenzi alisema yake, na aliyesinzia aliamshwa, akasema ndefu kuliko wote. Komiseri aliisifu karatasi, akaipapasa mishale. Massoudi akavimba, vifungo vikaomba msamaha.

Kisha wakatoka nje.

Jeep ilikuwa imekaa juu ya matofali, kama kuku anayelalia mayai. Haikuwa na gurudumu hata moja! Kule mashambani, vijana walikuwa wakiyabingirisha magurudumu kati ya mpunga, wakicheka.

"Kamateni!" Massoudi alimwamuru Méthode.

"Kamateni!" Méthode alimwamuru Jérémie.

Jérémie akamgeukia Usafiri, Usafiri akamgeukia Lishe, Lishe akamgeukia Utafiti. Utafiti akageuka nyuma atafute wa kumwamuru. Akamkuta Houda, amesimama na rula yake.

"We uko na cheo?"

Houda akatikisa kichwa.

"Basi kimbia!"

Naye akakimbia! Alikimbia kama mtu aliyejifunza kukimbia kitabuni, magoti juu, sketi mkononi. Shamba la mpunga lilimeza kiatu kimoja, kisha cha pili, kisha likammeza yeye hadi kiunoni. Siku ile alikamata kitu kimoja tu: mafua.

Aliporudi akichuruzika tope, komiseri alikuwa ameshika karatasi yake.

"Naona wakurugenzi," alisema. "Askari wako wapi?"

Houda alipitisha macho kila sanduku, kila mshale, kila rangi. Alikuwa amewasahau.

Komiseri akashusha pumzi. "Vyeo vikishagawanywa siwezi kuvinyang'anya. Mmoja akikasirika akarudi msituni, huko juu nitajibu nini?" Akamvuta kando Massoudi, ambaye hakuwa na msitu wa kurudi, akamnong'oneza kitu. Mabega ya mzee yakashuka kama hema lililong'olewa kigingi.

Mafua yalipopoa, Houda alirudi Buterere kuomba radhi. Mvua ilikuwa inanyesha. Massoudi alisimama langoni, filimbi shingoni, sufuria ya maharage mkononi, na kutoka ndani sauti zilikuwa zikigombana:

"Massoudi, chai!"

"Massoudi, pampu ya baiskeli!"

"Massoudi, nani anagonga huko?"

Houda akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza, swali likatoka zima.

"Mzee, sasa kituo kina askari wangapi?"

Massoudi alijipangusa mvua usoni.

"Mumoja," alisema. "Ni mi."