Ushuru wa Kipepeo

Hatibu aliposhuka kwenye garimoshi pale Morogoro hakuwa na mzigo wowote isipokuwa kofia yake kichwani. Ilikuwa kofia ya kaki yenye kifungo cha shaba, ya watu wa forodha ya Dar es Salaam, naye alikuwa amesahau kuirudisha siku alipofukuzwa kazi. Walimfukuza kwa sababu alikuwa akipima mizigo ya watu huku kidole gumba cha mguu kimekanyaga mizani. Hatibu hakubisha. Alisema tu kwamba mizani ya Wadachi ilikuwa nyepesi mno, na yeye alikuwa akiisaidia.

Basi akaingia mtaa wa maduka, akitafuta kivuli na mtu wa kumlisha. Mbele ya duka la Mahendra akasimama. Mahendra alikuwa Mhindi muuza kaniki, chumvi na mafuta ya taa, mtu mnene, mpole wa sauti, na asubuhi hiyo alikuwa ameinamia kasha lililo wazi, uso umemsinyaa kama wa mtu aliyelamba ndimu. Hatibu akachungulia. Kasha lilijaa vipepeo wakavu, kila mmoja amekunjiwa karatasi yake, wa njano, weusi, wa madoadoa, mamia kwa mamia.

"Shikamoo, bwana mkubwa," Hatibu akasema. "Vipepeo hawa wanasafiri au wameshafika?"

"Marahaba. Wamekwama," Mahendra akajibu.

Akaeleza, maana mwenye machungu hachagui wa kumweleza. Wakati wa masika alikuja Mdachi mmoja mwenye wavu, akipanda milima ya Uluguru kutwa nzima, akinunua vipepeo kwa Waluguru na kuwapeleka kwao Ulaya. Mahendra alipoona hivyo alimtangulia. Akanunua kila kipepeo aliyeshuka mlimani, ili Mdachi yule amkute ndiye mwenye mali na amlipe mara tatu. Mdachi akashikwa na homa, akapanda garimoshi, akaenda zake bila hata kuaga.

"Mwambie na bei uliyonunulia," ikasema sauti ya mwanamke nyuma ya pazia.

"Mke wangu, Damyanti," Mahendra akasema, kama mtu anayetaja ugonjwa wa miguu.

Hatibu akavua kofia, akakifuta kifungo chake kwa kiwiko, taratibu, hata Mahendra akakiona vizuri.

"Unguja yuko Mwingereza," akasema. "Tajiri, hana mke, hana mtoto. Ana vipepeo. Nyumba nzima, ukutani hadi darini. Amebakiza wa Uluguru tu."

Huyo Mwingereza alizaliwa pale pale mlangoni mwa duka, lakini alizaliwa na meno yake kamili. Mahendra akavuta kigoda, akamkaribisha mgeni chai.

"Nitampelekea leo hii," akasema.

"Utampelekea vipi? Hapa na Unguja si Morogoro na Bigwa, ukajitwika kapu ukaenda. Kati yako na Mwingereza zimesimama bendera mbili, na kila bendera ina tumbo lake. Mdachi anataka ushuru wa kutoa, Mwingereza anataka ushuru wa kuingiza. Kasha hili la mbao halikubaliwi, lazima lipigwe bati kwa ndani, kwa ajili ya unyevu wa bahari. Halafu cheti cha daktari."

"Daktari wa nini? Wamekufa."

"Ndicho atakachoandika. Bila cheti, Mwingereza atajuaje kwamba hawatafufuka wakala karafuu zake?"

Mahendra akalifikiria jambo hilo akaliona lina maana. Hatibu akaendelea: bima ya dhoruba, bima ya panya, ujira wa mchukuzi wa upande huu, ujira wa mchukuzi wa upande ule, na bahashishi ya karani, ambaye bila bahashishi hana macho. Kila alipotaja kimoja, Mahendra aliguna kama mtu anayebandikwa kiraka cha moto.

"Faida yote itakwisha njiani," akalalamika.

Hapo ndipo Hatibu alipokuwa akimngojea. Akasogeza kigoda, akashusha sauti.

"Ipo njia ya kupunguza. Tutaandika kwamba ni majani makavu. Majani hayana ushuru. Mimi ni mtu wa forodha, najua meza ya kupitia. Lakini itabidi unipe zile gharama nyingine mkononi, na usimwambie mtu, maana kuidanganya Serikali ni kiboko."

Macho ya Mahendra yakang'aa. Kulipa kulimuuma, lakini kuipunja Serikali kulimpoza. Hakutambua kwamba kuanzia dakika ile hangeweza kwenda bomani kumshitaki mtu yeyote, kwa kuwa naye angekuwa mshitakiwa wa pili. Msomaji mwema ajue kwamba huo ndio msumari wa ufundi wote wa Hatibu: alimchagua mtu mwenye tamaa, kisha akampa dhambi ndogo ya kuifunika.

Siku ya tatu akatoka dukani na kifuko cha rupia kiunoni na kasha kichwani mwa mchukuzi. Nia yake ilikuwa kulitelekeza kasha stesheni na kushukia kituo chochote kitakachompendeza. Lakini njiani, karibu na daraja la mto Morogoro, akamkuta mwanamke amekaa juu ya jiwe, kapu la kabichi miguuni, rozari shingoni.

"Wewe ndiye mtu wa forodha?" mwanamke akauliza. "Mimi Bernadeta, wa Bigwa kule juu. Vipepeo wengi wa humo kashani nilimuuzia mimi yule Mhindi. Alinipunja."

"Pole, dada. Mambo hayo malizana naye."

"Sikuja kudai. Nimekuja kukuonyesha niliyemficha."

Akaondoa kabichi mbili, akatoa kijisanduku cha sigara kilichofunikwa kioo. Ndani yake, juu ya pamba, alilala kipepeo mkubwa kama kiganja, wa buluu. Si buluu ya mbali unayoiona mlimani wakati wa jioni. Buluu ya kukupiga jicho, hata Hatibu akarudi nyuma nusu hatua.

"Mume wangu Stefano alimkamata karibu na kilele cha Lupanga," Bernadeta akasema. "Yule Mdachi alimtafuta masika yote, ndiyo hiyo homa yake. Padre mmoja mpita njia aliniambia, Bernadeta, huyu usimuuze ila kwa bei ya ng'ombe wawili. Akasema wako Waingereza Unguja wanaoweza kumwagiana damu kwa ajili yake."

Hatibu akanyoosha kidole kufungua kioo.

"Usimguse," Bernadeta akamzuia. "Mabawa yao yana unga. Ukigusa, unga unatoka, na thamani inatoka nao."

Hilo Hatibu alilijua tangu utotoni kuwa kweli, na kwa kuwa lilikuwa kweli, akayaamini na mengine yote. Akaanza kumwona Mwingereza. Alimwona katika nyumba yake ya vipepeo, amesimama mbele ya ukuta mmoja ulio wazi, anahuzunika. Akasahau kabisa kwamba alimzaa mwenyewe siku tatu nyuma juu ya kikombe cha chai.

Wakapatana bei kwa muda mrefu. Hatibu alicheka, alikasirika, akajifanya anaondoka. Bernadeta hakupandisha sauti wala kushusha bei. Mwisho akafunika kapu, akasimama.

"Basi, nampelekea Mahendra. Huenda safari hii atanilipa sawasawa."

Kifuko kikafunguliwa. Rupia za ushuru wa kutoa na za kuingiza, za bati, za daktari, za panya na za dhoruba zikahamia kwenye khanga ya Bernadeta, Hatibu akabakiziwa nauli na chenji kidogo. Kwa wema wake, mama yule akamwongeza kabichi moja. Hatibu akapanda garimoshi akimsikitikia moyoni: mjinga wa watu, ameuza ufalme kwa bei ya ng'ombe wawili. Na kasha akalipakia pia. Kama Mwingereza yupo, hao wengine atawanunua pia, ya nini kuwaacha?

Dar es Salaam, kwenye meza ya forodha, alimkuta karani Severini, ambaye zamani waligawana chumba. Severini alimtazama, akaitazama kofia, akasema, "Tutaanza na hiyo." Kofia ikaingia kwenye mtoto wa meza.

"Kasha lina nini?"

"Majani makavu."

Severini akafungua. Sisimizi walikuwa wametangulia kukagua. Waliwala vipepeo wote miili, wakaacha mabawa, na sasa walikuwa wakiyabeba kwa mistari, kwa heshima, kama watu wanaozika.

"Kweli ni kama majani," Severini akakubali. "Lakini sisimizi hawa ni wanyama hai, na wanyama hai hulipiwa. Ama uwapungie mkono, tuchome kasha."

Kasha likachomwa, na ujira wa kuchoma akadaiwa. Hatibu hakujali. Akaweka mezani kijisanduku cha sigara. Tangu stesheni ya Ngerengere alikuwa akiwaza kwamba Unguja hakuna atakayemwamini kwa maneno matupu. Alihitaji karatasi ya Serikali. Kwa hiyo, mbele ya afisa wa Kidachi aliyekuja kuona moshi, akatamka kwa sauti ya kujiamini:

"Kipepeo mmoja, mfalme wa Lupanga. Thamani, rupia mia. Naomba iandikwe."

Severini akaandika. Afisa akanyanyua kioo ili aone. Kulikuwa na joto, vidole vyake vilikuwa na jasho, naye hakuwa amekutana na Bernadeta. Akagusa bawa. Alipoondoa kidole kilikuwa cha buluu hadi kwenye kucha, na juu ya bawa pakabaki alama ya kidole, na chini ya alama ile kipepeo alikuwa mweupe, mweupe wa kawaida kabisa, wale wanaoruka juu ya mashamba ya kabichi.

Hatibu akasikia harufu ya nguo zilizotoka kufuliwa. Akaelewa yote kwa pamoja.

"Nini hii?" afisa akauliza kwa Kiswahili chake cha kukatakata.

Severini akainamia sikio la rafiki yake wa zamani. "Angalia utakachojibu," akanong'ona. "Ukisema ni wa kweli, utalipa ushuru wa mali ya rupia mia. Ukisema amepakwa rangi, umeandikisha uongo mbele ya afisa, na hiyo ni viboko ishirini na tano. Mimi nakushauri tu."

Hatibu akakitazama kile kidole cha buluu. Maisha yake yote aliuza uongo. Leo ndipo alipotakiwa kuununua.

"Unga wa mabawa, bwana," akasema. "Wa kweli kabisa. Ndiyo thamani yake."

Afisa akafuta kidole kwenye leso, akaridhika. Ushuru ulichukua chenji yote, koti, viatu, na saa ambayo haikuwa ikitembea. Hatibu akatoka forodhani na kipepeo mwenye alama ya kidole na karatasi yenye muhuri wa tai, inayosema kwamba kipepeo wa buluu wa Uluguru ana thamani ya rupia mia. Nauli ya meli hakuwa nayo. Akarudi Morogoro akipakia kuni za garimoshi njia nzima.

Alikwenda moja kwa moja dukani. Akiwa na karatasi ile, alijiambia, Mahendra atamnunua mfalme. Lakini nyuma ya meza alimkuta Damyanti peke yake, mwanamke mwembamba mwenye miwani, anapima chumvi. Aliiona karatasi, akaisoma pole pole, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Mume wangu amelala," akasema. "Ni mtu mwema, lakini akinusa faida anakuwa kiziwi. Nilimwambia wewe ni mwongo. Akasema, mwongo gani ana kofia ya Serikali. Basi siku ile ile Bernadeta alileta mboga, nikampa pakiti ya buluu ya kufulia nguo. Fedha zetu alizirudisha jioni ya siku uliyoondoka, akakata haki yake."

"Mlinidhulumu, mama," Hatibu akasema, na alisema kwa uchungu wa kweli.

"Tulikudhulumu. Na sasa, karatasi hii utaniachia, ama nimwamshe aliyelala?"

Hatibu alimsikia Mahendra akikoroma nyuma ya pazia, mkoromo mpana wa mtu mnene mwenye mikono mikubwa. Akaiacha karatasi. Damyanti akampa sahani ya wali na dengu, akaiweka karatasi kwenye fremu, akaitundika ukutani penye mwanga.

Kabla ya vuli, kila Mzungu aliyeshuka stesheni alipitia duka la Mahendra. Aliusoma muhuri, akatazama vijisanduku vilivyopangwa chini yake, akalipa. Mahendra alitembea mtaani kifua mbele, akiwaeleza watu jinsi alivyoivumbua biashara ya vipepeo. Na kule Bigwa, kwenye miteremko ya kabichi, alionekana mtu asiye na viatu akikimbiza vipepeo weupe kwa wavu wa chandarua, akianguka, akiinuka. Bernadeta alimlipa kwa idadi, na waliochanika mabawa hakuwahesabu.

Siku moja, alipokuwa amekaa kando ya kijito akitoa mwiba mguuni, kipepeo akatua juu ya jiwe mbele yake. Alikuwa mkubwa kama kiganja. Alifungua mabawa, na mabawa yalikuwa ya buluu. Hatibu akajipangusa macho. Akamkaribia kwa magoti, pumzi ameikaza, akamfunika kwa wavu, akamgusa kwa kidole kilicholoana mate. Kidole hakikubadilika rangi.

Akateremka mbio, akipita katikati ya matuta ya watu, akafika kwa Bernadeta akihema, asiweze kusema, akafumbua viganja. Bernadeta alikuwa ameketi mbele ya bakuli lake na brashi ya manyoya ya kuku. Akamgeuza kipepeo huku na huku kwenye mwanga.

"Huyu amepauka," akasema. "Wazungu hawatamkubali. Mlete hapa nimtie rangi."