Uchina kwa Treni ya Njia Nyekundu

Jumatatu, 23 Februari 2009

Jana ulimi ulinitangulia. Tulikuwa tunakunywa kahawa baada ya ibada, na muumini mwenzangu Mashauri anasimulia tena safari yake ya Guangzhou, Uchina. Watu wanamsikiliza utadhani vitenge vilianzia kwake. Jumapili ijayo akina mama wa kwaya wanachagua nani atumwe Uchina kuagiza vitenge vya jubilei, kanisa linatimiza miaka kumi. Kazi hiyo naitaka. Tangu nifike Sweden sijachaguliwa hata kushika ufunguo wa jiko la kanisa.

Basi nikasema na sisi tunakwenda Uchina. Familia nzima. Wiki hii hii, shule zimefungwa. Mashauri akauliza mji gani. Nikasema ule mkubwa.

Adrienne, mke wangu, alipata habari pamoja na wengine. Njiani kurudi nyumbani, Vårby gård, alikuwa anahesabu siku kwa vidole. Leo ameniuliza tu kama Jumatano tutakuwa tumesharudi. Jumatano ni zamu yetu kwenye chumba cha kufulia cha jengo, na zamu hiyo haiachwi kwa ajili ya nchi yoyote.

Nakunywa chai jikoni. Mashauri ananitazama kutoka ukutani. Aligawa kalenda kila nyumba: yeye na suti yake, nyuma taa nyekundu ya karatasi iliyochanika ubavuni.

Jumanne, 24 Februari

Mungu yupo! Nimesoma katika gazeti la bure la kwenye metro, treni ya mjini: maonyesho ya sanaa ya kisasa kutoka Uchina, hapa hapa mjini, tangu Septemba. Msanii amejenga soko zima la kwao ndani ya ukumbi. Niifuate Uchina ya nini, na yenyewe imeshakuja? Tutapiga picha. Jumapili nazionyesha kanisani.

Binti yetu Lina, miaka tisa, amesema kwa Kiswidi kwamba huo ni uongo. Huyu mtoto ukimsemesha Kiswahili anakurudishia Kiswidi. Nimemwambia ni sanaa. Akasema mwalimu wake anajua tofauti.

Tatizo ni Maman Godelieve, kiongozi wa kwaya. Anakaa ghorofa ya juu yetu. Nimefunga mapazia. Nimepiga marufuku ndagala, dagaa za kwetu, mpaka Jumapili, maana zikikaangwa harufu inapanda mpaka kwake.

Jumatano, 25 Februari

Adrienne ameshuka kufua. Nilimwomba avae kofia na miwani ya jua. Amekataa. Alikaa huko saa tatu nzima, akarudi na kusema hakuna tatizo. Mashuka yamekunjwa vizuri ajabu, utadhani yalishikwa na watu wawili. Mke wangu ana mikono hodari.

Alhamisi, 26 Februari

Tumepanda treni ya njia nyekundu saa kumi na mbili asubuhi na sanduku tupu, kwa heshima ya safari. Ukumbi unafunguliwa saa tano. Tumekaa stesheni kuu na sanduku letu.

Mlangoni mlinzi alitupa mifuko ya plastiki ya buluu tuivae juu ya viatu, kwa kuwa sakafu nayo ni sanaa. Ndani, soko kweli: mabeseni, chupa za chai, ndara, mpaka darini. Nikawavua wote makoti. Guangzhou hakuna theluji.

Adrienne alisimama mbele ya beseni jekundu la maua. Akasema mama yake alikuwa na hilo hilo, kwetu Kongo, Uvira. Humo aliogeshwa yeye na wadogo zake wote. Waliliacha mlangoni siku waliyokimbia vita. Miaka yote ya ndoa yetu sijamsikia akitaja siku ile. Ningemshika mkono. Badala yake nikamwambia asisogee, mwanga ni mzuri.

Kisha akalinyanyua. Kengele ikalia. Akalipeleka kwa mlinzi na kuuliza bei ya mwisho. Mlinzi akasema haliuzwi, ni sanaa. Adrienne akamwambia wote huanza hivyo. Akaliweka chini, akaondoka taratibu hatua kumi, ili aitwe. Hakuitwa.

Picha thelathini na moja. Nne ni chini ya taa nyekundu ya karatasi, imechanika ubavuni, sawasawa na ya Mashauri. Kumbe Uchina taa zote hutengenezwa hivyo. Nikafurahi kwamba maonyesho si ya kubabaisha.

Njiani kurudi tumeshukia stesheni ya Skärholmen tukazunguka madukani, nitafute beseni kama lile. Hakuna. Nimemnunulia la kijivu. Hakulitazama.

Jumapili, 1 Machi

Picha ya kwanza ukutani, ya chini ya taa nyekundu, kanisa zima likaguna kwa heshima. Mashauri peke yake alikuwa anakohoa, akasema projekta imepata moto, izimwe. Wivu.

Picha ya tano, familia nzima, kuanzia utosini mpaka miguuni. Maman Godelieve akauliza kwa upole kama na Uchina wanavaa miguuni ile mifuko ya buluu ya kazini. Jambo moja nilisahau: nusu ya kanisa wanatunza wazee majumbani, nusu wanasafisha ofisi. Mifuko ile wanaivaa kila siku. Kicheko kilianzia kwenye kwaya kikamfikia mchungaji.

Nikamgeukia Lina aniokoe. Akasema, kwa Kiswahili safi, siku aliyoichagua yeye, kwamba hatukupanda ndege.

Adrienne akaomba picha ya beseni irudishwe. Akasimama, akasimulia habari za mama yake, mpaka bei aliyomwuliza mlinzi. Mama mmoja akasema la kwao lilikuwa la kijani. Mwingine akasema la kwao lilitoboka, wakaliziba kwa sabuni. Wakawa wanalia na kucheka pamoja. Jumamosi kwaya yote inakwenda kuyaona maonyesho.

Maman Godelieve akasema mtu anayeweza kumwomba Mswidi bei ya mwisho ya sanaa, huyo ndiye wa kutumwa Uchina. Amechaguliwa Adrienne, kwa sauti moja.

Mimi nimepewa ufunguo wa jikoni. Naosha vikombe mpaka Pasaka.

Jumatatu, 2 Machi

Adrienne anakaanga ndagala na kuimba. Amenisamehe, nadhani. Lile beseni la kijivu amelitia viazi.

Nimefunua kalenda ya Mashauri mwezi kwa mwezi. Taa ile ile, suti ile ile, na miezi yote kumi na miwili hana miguu. Ndipo nilipoona kosa langu. Picha ya Uchina huishia magotini. Mwenzangu ameshafika kule, anajua mambo haya.

Gazeti la leo: maonyesho kutoka Japani, mpaka Mei. Nimempigia Mashauri nimwambie kwamba Pasaka familia yangu iko Tokyo. Akakohoa. Kisha akasema ajabu, hata yeye.