Bunda la Miraa Getini

Jumatatu, 4 Juni 1956
Siku ya kumi na tatu bila nyama. Mchana mahindi na maharagwe, jioni maharagwe na mahindi. Leo fukusi walikuwa wengi kuliko maharagwe. Mpishi akasema hao nao ni nyama. Tangu hali ya hatari itangazwe, hakuna mwanafunzi wa ualimu anayetoka chuoni bila pasi, na pasi hupewa Mwirigi peke yake, kiranja wetu, kwa sababu mjomba wake ni chifu. Jumamosi alikwenda mjini Meru, kwa Idrisi mchinjaji. Akarudi na kijiti cha kuchokolea meno mdomoni. Leo Jumatatu bado anacho! Simpendi hata kidogo.

Jumanne, 5 Juni
Nimepata njia ya kutoka. Getini analinda mzee Mukiri, homgadi, mlinzi wa kijiji wa serikali, mwenye koti la jeshi na mkuki. Mkali, lakini hupenda miraa, na mkono mtupu haulambwi. Sisi wa Runyenjes tunatafuna muguka, majani tu kutoka mfukoni. Mambo ya miraa siyajui. Anayeyajua ni yule mzee wa Kianjai anayeleta kuni za jikoni. Nikampa fulana yangu, nikamwagiza bunda bora kuliko yote. Akauliza kama ni kwa jambo kubwa. Nikasema kubwa sana. Akauliza kama wazazi wangu wanajua. Nikasema ndio walionituma. Uongo mdogo. Akanishika mkono kwa muda mrefu.

Alhamisi, 7 Juni
Bunda limefika! Safi, limefungwa kwa jani la mgomba, hata kamba zake zimepangwa. Nikampa mzee Mukiri bila neno, nikatabasamu tu. Nilidhani atatafuna papo hapo. Wapi! Alilipokea kwa mikono miwili, akanitazama kuanzia viatu mpaka nywele. Akauliza naitwa nani, kwetu ni wapi, baba ana ng'ombe wangapi. Homgadi huuliza kila mtu maswali. Nikajibu kwa adabu, nikaongeza ng'ombe wawili. Akasema Jumamosi saa sita atanitoa mwenyewe. Mwirigi ajue hajui!

Jumamosi, 9 Juni
Nyama! Hatukufika hata kwa Idrisi. Mzee alinipeleka kwake, ng'ambo ya handaki la ulinzi, na huko mbuzi alikuwa amechinjwa. Kwa ajili yangu! Nikala mbavu, nikala ini, nikala na vitu nisivyovijua. Wazee wanne walizungumza Kimeru kizito, wakininyooshea vidole. Niliambulia maneno mawili tu, nyuki na kibuyu. Kila waliponyamaza nikaitikia kwa kichwa. Binti wa mzee, Karambu, anayefundisha watoto kusoma kanisani, alinitazama kama kuni mbichi. Sikujali. Nilirudi kabla ya kafyu, kijiti mdomoni. Nikapita mbele ya Mwirigi mara tatu.

Jumapili, 10 Juni
Nimeangamia. Mwirigi amenieleza, huku akicheka mpaka akashika ukuta. Bunda la namna ile hapa Meru si la kutafuna getini. Hupelekwa kwa baba wa msichana kuomba mke. Akilipokea, mazungumzo yamefunguliwa. Kwa hiyo nimemposa Karambu, na mbuzi nimemla! Akaanza kunieleza kinachopelekwa baada ya miraa ili kufunga posa, nikaziba masikio. Sheria ya chuo ni moja: atakayeposa kabla ya kupata cheti atarudi kwao na sanduku lake. Nimebakiza miezi mitano. Mama amevaa leso ileile miaka miwili ili nisome. Nimeogopa, naandika ukweli. Maharagwe yangu ameyala Mwirigi.

Jumatatu, 11 Juni
Karambu ameniokoa. Jumamosi alikuwa ameniona nikiitikia nisichokielewa. Alikuja getini, akamwambia baba yake kwamba yeye haolewi na mtu aliyeposa bila kujua kama ameposa. Mzee akakasirika, akacheka, akakasirika tena. Kisha akahukumu. Mkuu wa chuo hataambiwa. Lakini mbuzi ameliwa na hawezi kurudi zizini. Kila Jumamosi mpaka muhula uishe nitachimba matuta shambani kwake, Karambu akinisimamia. Nikauliza kama nitapewa chakula. Nitapewa. Mahindi na maharagwe.

Jumamosi, 16 Juni
Malengelenge mikono yote miwili. Karambu alikaa kivulini, akaniambia tuta limepinda, nikalifumua, akasema sasa limepinda upande wa pili. Mwirigi alipita na pasi yake akielekea kwa Idrisi. Akanipungia kijiti! Hii si haki hata kidogo.

Nimefikiri kwa utulivu. Kosa langu lilikuwa miraa tu. Mzee Mukiri ni mtu mwema, anahitaji kulainishwa kidogo, ila kwa kitu cha kawaida kisicho na mambo mengi. Na wale wazee wanne waliwataja nyuki kwa hamu kweli! Basi jioni nimempa mzee wa kuni shati langu la Jumapili. Ataleta asali safi kutoka Tharaka, kibuyu kizima, kimefungwa vizuri. Ameuliza tena kama wazazi wangu wanajua. Nikasema wanajua na wamefurahi. Akanishika mkono, na safari hii machozi yakamtoka.