Kustaafu kwa Calvince, na Mkanda Ulioniangukia Bila Kuuomba

Kepher Odawa,
Nyumba ya tatu ukitoka kituo cha majani.

Kwa Mama Rebeccah,
Mwenyekiti, Kamati ya Ndondi.

Mheshimiwa Mama Mwenyekiti,

KUH: BINGWA KUSTAAFU KABLA YA WAKATI WAKE WA KUPIGWA

Kwa moyo mzito, na nikiwa nimevua kofia, natangaza kwamba Jumanne iliyopita, saa nne na robo asubuhi, kwenye foleni ya kupima majani chai, bingwa wetu wa uzani wa kati, Bwana Calvince, alistaafu. Hakukuwa na dalili yoyote. Alikuwa wa sita kwenye foleni. Aliweka gunia lake chini, akakohoa, akasema, "Jameni, mimi ngumi nimewacha," kisha akauliza ni nani huyo anataka kumruka. Watu wakamaliza kupima gunia lililokuwa kwenye mizani. Halafu wote wakageuka, wakaniangalia mimi.

Unajua kwa nini waliniangalia. Kanuni ya tisa ya klabu yetu, ambayo wewe mwenyewe uliisoma kanisani baada ya matangazo ya harusi, inasema bingwa akiacha, mkanda unaenda kwa nambari mbili, na huyo nambari mbili autetee dhidi ya nambari tatu ndani ya siku thelathini. Asipotaka, unamshukia nambari tatu. Nambari mbili ni mimi. Nambari tatu ni Kiptum wa Siongiroi. Nakuandikia nikiwa na meno yangu yote, na ningependa Krismasi inikute nayo.

Nina malalamiko. Nimeyapa nambari ili kamati isiruke hata moja.

1. Calvince si mgonjwa. Yeye anasema ni goti. Alhamisi, Bi Molly anayeuza mandazi pale stendi ya Chepseon alimwona akipanda mlima na gunia la viazi begani, akipiga mluzi. Mtu mwenye goti bovu hapigi mluzi mlimani. Nilipomfuata kumuuliza, alinishika bega kama mtu anayefariji mfiwa, akasema, "Omera, ndugu yangu, sisi tumekula chumvi, tuwachie vijana." Mama, Calvince ana miaka thelathini na nne. Mimi nina arobaini na moja. Huyo kijana anayeachiwa ni nani?

2. Jinsi nilivyopata unambari mbili. Uzani wetu una watu watatu tu. Nimepigana na Calvince mara tatu, nimeshindwa mara tatu, na kila nikishindwa jina langu linakazwa zaidi kwenye nafasi ya pili, maana kwa miaka yote hiyo hakuna mwingine aliyejitolea kushindwa naye. Nilikuwa nimeridhika. Kushindwa na Calvince ni kazi ambayo mtu anaizoea. Anapiga ya kushoto, anapiga ya kulia, anaomba msamaha, refa anahesabu, tunaenda kunywa chai. Sikuomba cheo kupita hapo, na sijui ni nani aliyepeleka habari kwamba nakitaka.

3. Huyu Kiptum. Kazi yake ni kununua ng'ombe kule Siongiroi na kuwapakia kwenye lori. Fahali akikataa kupanda, Kiptum hatafuti fimbo. Anamwekea bega, na fahali anafikiria upya. Hilo silalamikii, kila mtu na kazi yake. Ninacholalamikia ni jinsi alivyoingia uzani wetu. Siku ya kupimwa, mizani ya zahanati ilikuwa imekufa, tukapelekwa kituo cha majani, tukaingizwa kwenye magunia na kuning'inizwa kwenye ndoano mmoja mmoja. Karani alikuwa Nyagaka, ambaye amepima majani kwa miaka kumi na minane na mkono wake huandika kabla yeye hajafikiria. Kiptum alivuta mshale mpaka kilo sabini na nane. Nyagaka akaondoa kilo moja ya gunia, kama kawaida. Halafu, kwa vile mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, akaondoa kilo mbili za maji. Sabini na tano. Uzani wa kati.

Nilipinga. Niliwaambia mtu si majani. Karibu nipigwe hapo hapo, bila ulingo na bila refa. Bi Sellah, ambaye ni mwanamke wa maombi na hajawahi kunipandishia sauti, aliniambia, "Wewe Kepher, majani yangu yamekatwa maji tangu nikiwa msichana. Hata kiangazi yanakatwa maji. Huyu Kiptum ni nani asikatwe?" Foleni nzima ilipiga makofi. Ilionekana kwamba haki imetendeka, tena kwa mara ya kwanza pale kituoni. Kiptum alipewa risiti na nakala yake ninayo. Inasema: majani mabichi, kilo sabini na tano, safi. Kwa hivyo, kulingana na karatasi za klabu, mimi nitapigana na majani. Ningefurahi sana kama karatasi zingekuwa za kweli.

4. Tangu Jumanne hakuna mtu anayechuma vizuri kwa sababu ya mabishano. Phelix wa bodaboda anasema mabingwa wote wa dunia ni hivyo. "Wanangojea yule mbaya azeeke, apate kitambi, ndio sasa wanamwita kwa televisheni na kelele mingi." Sellah anasema Calvince ana akili, kwamba heri mtu aache ngumi wakati bado anakumbuka majina ya watoto wake. Molly anasema wakati mwingine si woga, mtu anachoka tu kupigwa kichwani kila mwaka ili wengine wapate kitu cha kuongea. Nyagaka naye, akiendelea kupima, alitoa uamuzi kwamba bingwa ambaye hajakutana na yule watu wanayemngojea si bingwa, ni mtu wa kubeba mkanda. Hapo nilimuunga mkono kwa nguvu. Nilipanda hata juu ya kreti ili nisikike. Nikasema Calvince arudishwe ulingoni leo hii. Phelix akaniuliza, "Sasa wewe, na huo mkanda wako, mtakutana na Kiptum lini?" Nikakumbuka nimeacha sufuria motoni.

5. Kamati ikikubali kustaafu kwa namna hii, basi tujiandae. Leo ni bondia. Kesho ni mwimbaji wetu wa sauti ya kwanza, atastaafu siku tutakayopewa wimbo unaopanda sana. Mchungaji atastaafu asubuhi ya mazishi ya mtu ambaye hakuna jema la kusema juu yake. Fundi wa stima atastaafu akiwa juu ya mlingoti. Mume atastaafu akisikia wakwe wameshuka Bomet, na atarudi kazini wakishapanda gari la kurudi. Wagombea wa viti watastaafu wakiona mpinzani ni mkali. Hapo niliacha kuandika kidogo, kwa sababu niliona hiyo ingetusaidia, lakini nimeendelea kwa ajili ya kanuni.

Nakutolea mfano wako mwenyewe. Una ng'ombe yule mwekundu wa kupiga teke. Kila mtu hapa anamjua, na wawili bado wanachechemea. Lakini kila asubuhi unachukua ndoo na kigoda, unamwendea. Hujawahi kumwambia kwamba unawapisha vijana. Huo ndio ubingwa.

6. Hali ya nyumbani kwangu. Hii nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo inayoninyima usingizi. Mke wangu Wilkista alipata habari kabla sijafika kutoka kituoni. Nilimkuta mlangoni amesimama, akaniangalia kuanzia viatu kwenda juu, akasema, "Kumbe." Neno hilo tu. Tumeoana miaka kumi na sita na hajawahi kuniambia "kumbe" ya namna ile. Siku hizi ananiita Bingwa hata akinituma kuni. Jumapili alinipakulia firigisi, ambayo kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikiiona tu ikipita kwenda kwa wageni. Amewaambia kina mama wa kwaya, nao wameanza kushona bendera. Mama mkwe amepiga simu kutoka Homa Bay kwamba anakuja na atakaa mstari wa mbele. Huyo mama hajawahi kuniona nikifanya kitu kikatokea vizuri, na sioni kwa nini aanze siku hiyo.

Kwa hivyo unaelewa nilipobanwa. Nikipigana, taya langu linaenda. Nisipopigana, ile "kumbe" inaenda, na sina hakika ni kipi kitachukua muda mrefu kupona. Njia iliyobaki ni moja tu, Calvince arudi, apigwe na Kiptum mbele ya watu wote, na mimi niendelee kuheshimiwa kama mtu ambaye angeweza.

Kwa unyenyekevu naomba kamati ipitishe yafuatayo:

(a) Bingwa asiruhusiwe kustaafu mpaka apigane na yule ambaye kila mtu anamwogopa. Akishapigwa, ruhusa apewe siku hiyo hiyo, hata akiwa amelala.

(b) Bingwa akisisitiza kuondoka, atoe notisi ya siku zinazolingana na kilo za mpinzani, kabla ya kukatwa gunia na maji.

(c) Anayestaafu aondoke na mkanda wake na mpinzani wake pia. Si haki mtu kuchukua sifa akaacha Kiptum.

(d) Nambari mbili ifanywe cheo cha kudumu, chenye kiti na soda.

Sitaki ieleweke kwamba naogopa. Ninachotetea ni mchezo. Kama kuna kitu kinaniudhi duniani ni mwanaume mzima anayemkimbia mtu ambaye hajamgusa hata kwa kidole. Mtu wa hivyo asiitwe bingwa, asipewe firigisi, na picha yake itolewe kwenye ukuta wa ukumbi. Hapo nimesimama, na hapo utanikuta.

Nisalimie Mzee wako, uwape salamu kwaya yote, hasa walio kwenye bendera, na uwaambie wasiharakishe. Nisalimie Nyagaka, sina kinyongo naye. Na ukimwona Calvince, mwambie goti lake tunaliombea kwa jina.

Wako katika mchezo,
Kepher Odawa
(nambari mbili, na ningeomba ibaki hivyo)

Nyongeza: Mama, barua hii nimeileta mwenyewe leo asubuhi. Hukuwa nyumbani, na hapa kwenye geti lako nimemkuta Kiptum. Kwa karibu ni mrefu kuliko geti. Alinisalimia kwa adabu sana, mikono miwili, akaniuliza kama namfahamu mtu anaitwa Kepher, maana siku ya kupimwa alikuwa bado ndani ya gunia nilipopinga, hakuniona uso. Nilimwambia namfahamu vizuri, ni mtu wa maana, na amestaafu leo saa mbili. Kiptum alishusha pumzi. Alitoa karatasi mfukoni akanionyesha. Ilikuwa barua yake ya kujitoa kwenye pambano, kwa sababu mama yake amemkataza kabisa mambo ya kupigana. Alisema sasa haina kazi, akaichana, akaenda kwa Calvince kuchukua mkanda. Kwa hivyo bingwa ni Kiptum. Wilkista bado hajaambiwa.