Ndege ya Emmaculate Ipite Nyumbani Kwanza

Benta Nyar Mfangano,
Nyumba ya Mabati ya Rangi ya Machungwa,
Awendo, Migori.

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Ndege la Anga Pana,
Nairobi.

Bwana Mkurugenzi uliyepewa mtoto wangu,

KUH: NDEGE KUBWA INAYOPITA KWETU BILA SALAMU

Nakusalimu kwa heshima nikiwa mzima wa mwili, ila moyo unauma. Mimi ndiye mama mzazi wa Emmaculate, yule msichana mrefu mwenye mwanya anayekaa mbele kabisa katika ndege yako kubwa, kando ya rubani mkuu. Unamjua. Hakuna namna usimjue. Akiwa darasa la sita alitengeneza redio ya mwalimu kwa pini ya nywele. Mimi mwenyewe nilikomea darasa la saba, lakini kile kichwa alikitoa kwangu. Babake alimpa urefu tu.

Tangu umwajiri hajakanyaga nyumbani. Aliniambia kwa simu kwamba ndege za safari ndefu hupita juu ya ziwa zikienda magharibi, na kweli, kila asubuhi watu wakipakia miwa, moja hupita hapa juu ikichora mstari mweupe. Tukajua ni yeye. Nikapaka mabati rangi ya machungwa ili asipotee. Wamama wa kanisa husimama nami uani tukipunga leso mpaka mikono inachoka. Na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

1. Ndege haipigi honi. Stanley, mtoto wa jirani yangu Metrine, anaendesha lori la miwa, tena bovu, mlango umefungwa kwa kamba. Lakini akifika langoni kwa mamake anapiga honi mpaka kuku wanasahau kutaga. Kijiji kizima kinakumbushwa kwamba Metrine alizaa. Ndege yako inabeba watu wa kujaza kanisa letu na bado wengine wasimame nje, lakini inapita kimya kama mtu anayekwepa harambee.

2. Inapita juu mno. Uso wa dereva hauonekani, na kwa sababu hiyo Metrine amepata la kusema. Juzi kwenye foleni ya maji alitangaza mbele ya watu, "Benta, si ulisema huko mbele wanakaa wawili? Mmoja ni dereva. Huyo mwingine ni nani kama si tanboi?" Bwana Mkurugenzi, tanboi ni yule kijana anayekaa kando ya dereva wa lori, kazi yake kuruka chini na kuweka jiwe kwa gurudumu. Watu walicheka! Nyangi, aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, alicheka hadi akamwaga mtungi wake. Nilijibu, "Wangu akiruka huko juu kuweka jiwe, ataliweka wapi?" Lakini nilikuwa nimechelewa. Siku hizi nikipita sokoni nasikia, "Mama Tanboi, umeamkaje?" Jina la mtoto wangu linaharibika na dawa iko kwako. Ashuke kidogo tu, afungue dirisha, atoe mkono mmoja, na ule mwingine uonekane umeshika usukani.

3. Abiria hawaambiwi mambo ya maana. Nasikia rubani huongea kwa spika habari za joto na upepo, kana kwamba mtu aliye ndani atafua nguo. Kwa nini wasiambiwe, "Mabibi na mabwana, kulia kwenu ni ziwa na kisiwa cha Mfangano alikozaliwa mama ya dereva. Kushoto, kwenye mabati ya machungwa, ndiye huyo mwenyewe"?

4. Chakula. Emmaculate alinitumia picha. Visahani vya mtoto wa nasari, na mkate mdogo kama kidole gumba! Mtu anavushwa bahari na hiyo? Niko tayari kuwaletea omena ya Mfangano, dagaa wa ziwani, iliyokaushwa na mimi mwenyewe. Harufu ikisumbua abiria, wafungue madirisha.

5. Hili ndilo kubwa. Huku kwetu, mtoto akikabidhiwa gari, hata kama ni la mwajiri, haliendi kubeba wageni kabla halijaletwa kwa mama. Linaingia langoni likipiga honi, pasta analiombea, mama anakalishwa mbele na kuzungushwa hadi sokoni. Hata lile lori la Stanley lilifanyiwa hivyo, Metrine akakaa mbele na kofia ya harusi. Ndege yako haijaletwa. Inabeba watu wa kila taifa bila baraka za mama, halafu ikitikisika mawinguni mnasingizia upepo.

Kwa hiyo naomba iletwe Jumamosi. Tumejitayarisha. Mwalimu mkuu amekubali tung'oe magoli ya uwanja wa shule. Shemeji yangu Zablon amekata miwa yake kabla haijakomaa ili mabawa yapite. Pasta ana ndoo ya maji ya kunyunyiza, na ameomba ngazi. Baada ya maombi nizungushwe hadi Homa Bay na kurudi, mimi mbele, Metrine nyuma karibu na choo.

Mkikataa, tutaacha kupunga leso. Ndipo mtakapojua ni nini kilichokuwa kikiishikilia hiyo ndege huko juu.

Naishia hapa kwa sababu omena iko juani na kuku wanaiangalia vibaya. Salimia mke wako na watoto, salimia rubani mkuu umwambie asing'ang'anie usukani peke yake, salimia hata wanaofagia ndege. Pasta anakusalimu. Zablon anakusalimu na kuuliza kama mna kazi.

Ni mimi niliyekuazima mtoto,
Benta Nyar Mfangano,
Mama Rubani.

Tanbihi: Emmaculate amepiga simu nikifunga bahasha. Ati ile ndege ya asubuhi si yake. Si hata ya shirika lako. Yeye siku zote anaenda upande wa Bombay, na hajawahi kupita hapa hata mara moja. Barua naituma hata hivyo, kwa sababu sifa zake nilizoandika zinabaki kuwa kweli. Ndege msilete. Anakuja Ijumaa kwa basi, na Stanley amejitolea kumchukua steji kwa lori la miwa na kupiga honi hadi kwangu. Atakaa mbele, kando ya dereva, na tanboi apande nyuma kwa miwa. Atakayecheka tutaonana.

Ila unisaidie kumtafuta mama ya huyo rubani mwingine, popote alipo. Mwambie mtoto wake anapita vizuri, na kanisa zima limemwombea. Bado tunampungia leso kila asubuhi. Hatuwezi kuacha sasa, ameshazoea.