Wagonjwa Wangu Wanaibwa

Jumatatu, 3 Februari

Wiki ya tatu tangu nihamishwe kutoka hospitali kuu kuja kuwa muuguzi wa shule hii ya serikali. Wanafunzi elfu moja mia moja na sita! Asubuhi nimewaona wote mstarini, mwili ukanisisimka. Magoti elfu mbili mia mbili na kumi na mawili, na yote nimekabidhiwa mimi.

Wagonjwa wa leo: wawili. Mmoja alikuwa anatafuta choo.

Haiwezekani. Nimejificha nyuma ya pazia wakati wa mapumziko, nikachungulia. Nimegundua. Wagonjwa wangu wanaibwa!

Mwizi ni katibu muhtasi, ambaye ofisi yake imepakana na chumba changu. Shule nzima humwita Shangazi, hadi Mwalimu Mkuu, ambaye kwa umri angeweza kumzaa. Mtoto akiumwa na tumbo huupita mlango wangu kama ukuta, anaingia kwa Shangazi. Nimehesabu ishirini na watatu kabla ya chakula cha mchana. Na mama huyu hana hata kidonge kimoja! Ana kitambaa kibichi, jagi la maji, na swali moja: nani kakuudhi, mwanangu? Wanapona. Wanatoka wanaruka.

Nimeduwaa dakika nzima kabla ya kukumbuka kukasirika.

Hali ni mbaya. Ijumaa Afisa wa Afya anakuja kukagua, na inasemekana anatafuta msimamizi wa wauguzi wa shule zote. Atataka kuona daftari la wagonjwa. Daftari langu ni jeupe kama yai.

Jumanne, 4 Februari

Hatua ya kwanza: heshima. Nimevaa koti jeupe lililotiwa wanga. Mke wangu, aliyelipiga pasi, ameuliza naenda kutibu au kuoa. Matokeo: mtoto wa darasa la kwanza ameliona koti, akaangua kilio, akakimbilia kwa Shangazi. Yaani mgonjwa nimemtengeneza mwenyewe, na bado akatibiwa na mpinzani!

Hatua ya pili: tangazo. Nimesimama mstarini nikasema kila mgonjwa aje kwangu, kwa sababu mwenye sindano shuleni hapa ni mimi peke yangu. Nilidhani nimesema jambo la kutia moyo. Tangu saa tatu asubuhi naitwa Sindano. Mlangoni kwangu hapapiti hata nzi.

Amekuja mmoja tu. Msichana wa darasa la tano, mrefu, mwembamba, wenzake wanamwita Twiga. Amesema tumbo linamsokota. Lakini hakuja kwa hiari, ametumwa na Shangazi, tena na kikaratasi. Nakinukuu: "Huyu amemaliza jagi langu mara mbili kabla ya saa nne. Chooni haishi kwenda. Na sare inampwaya. Tafadhali mwangalie vizuri."

Mimi! Miaka kumi na minne wodini! Nifundishwe kazi na mpiga chapa!

Nikamuuliza Twiga wana kipindi gani. Akasema jaribio la hesabu. Basi, kesi imekwisha. Nimeandika daftarini: tumbo la hesabu. Nikamrudisha darasani. Kikaratasi nimekitupa.

Jumatano, 5 Februari

Nimeliiba jagi la Shangazi.

Si wizi, ni mkakati. Nimelifungia kabatini kwangu. Shangazi ametangaza ofisini, bila kunitazama, kwamba panya wa shule hii siku hizi wamekua, wana hadi stethoskopu. Kisha akaleta jagi jingine, kubwa zaidi.

Alasiri nimeingia kwake, kisingizio ni stempu. Ukweli, kupeleleza. Akanyamaza, akategea sikio nyayo za ukumbini. Akasema huyo anayekuja ni wa darasa la pili, kagombana na rafiki yake, na kiatu chake cha kulia kimekatika. Mlango ukafunguliwa. Darasa la pili. Machozi. Kiatu cha kulia kimekatika!

Nimerudi chumbani kwangu. Nina vipimajoto vitatu, na hakuna hata kimoja kinachoweza hivyo.

Ijumaa, 7 Februari

Naandika mkono ukiwa mzito.

Mpango wa leo ulikuwa mkubwa kuliko yote. Niliwachukua wanafunzi kumi na wawili wa kikundi cha maigizo, nikawafunga bendeji, nikawapanga kwenye benchi langu. Afisa alipoingia akakuta wodi nzima! Waliugua kwa ufasaha mno. Mmoja alichechemea mguu wa kushoto wakati wa kwenda kwa Afisa na wa kulia wakati wa kurudi kwenye benchi. Mwingine, alipoulizwa anaumwa nini, alijibu, "Bado sijapewa." Afisa alivua miwani, akaifuta taratibu.

Hapo mlango ukafunguka bila hodi. Shangazi. Amembeba Twiga mikononi, miguu mirefu inaning'inia.

"Kaka," alisema, "acha maigizo. Huyu ni wa kweli."

Nikamlaza kitandani. Alikuwa anapumua kwa nguvu na kwa kina, kama mtu aliyetoka mbioni, ilhali alikuwa amekaa darasani. Midomo imekauka, macho yanafumba. Nikamwinamia. Pumzi yake ilinukia matunda yaliyoiva kupita kiasi.

Harufu ile. Wodini unaisikia mara chache, lakini huwezi kuisahau. Kiu. Choo. Sare inayopwaya. Tumbo. La tumbo alilisema mwenyewe, mengine yote yalikuwa kwenye kikaratasi, yamepangwa kama kwenye kitabu cha kozi, na mimi nilikitupa.

Nikamtoboa kidole, nikaweka tone kwenye kipima sukari. Hakikutoa namba. Kilitoa herufi, maana yake sukari imepanda kupita uwezo wake wa kusoma. Nikamwambia Afisa aite gari la wagonjwa, na Afisa mzima akatii. Nikamlaza Twiga kwa ubavu, nikazuia asipewe soda wala biskuti, maana mwalimu mmoja alishakuja navyo mbio. Shangazi alikuwa amepiga magoti, anamsemesha sikioni bila kukoma, asilale, asilale. Wale waigizaji kumi na wawili walisimama ukutani na bendeji zao.

Mama yake Twiga, msusi, alitukuta hospitali na chanuo bado limechomekwa kichwani. Aliniuliza swali moja tu.

"Atapona?"

Nikasema nadhani atapona. Sijawahi kuliogopa neno kama nilivyoliogopa hilo la nadhani.

Daktari akasema ni kisukari, na kwamba tumewahi, saa chache zaidi yangekuwa mengine. Akanipongeza. Sikumwambia kuhusu Jumanne.

Jumamosi, 8 Februari

Asubuhi nimekwenda wodini. Twiga ameketi! Jana alikuwa anaondoka, leo anadai mto wa pili. Maji, chumvi na insulini kidogo kidogo kwenye mshipa, basi. Nimeyaona haya miaka kumi na minne, na leo ndiyo nimeyatazama. Kiungo kimoja kilichojificha nyuma ya tumbo, urefu wa kiganja, kikigoma tu mtoto anazimika. Ukimpa matone anayokosa, anarudi na maneno yake yote.

Nimemweleza ugonjwa wake. Akasikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo halikuwa tumbo la hesabu?"

Kumbe siku ile alikuwa amelisoma daftari langu kutoka upande wake, herufi zikiwa kichwa chini miguu juu. Nikasema halikuwa. Nikamwomba radhi mbele ya mama yake, nikaeleza yote, hata kikaratasi.  Mama akasema nisirudie kwa mtoto wa mtu mwingine. Nikaapa.

Twiga akafikiri kidogo, akasema, "Lakini na hesabu nayo nilikuwa sijasoma."

Jumanne, 18 Februari

Amerudi shuleni. Kabla ya chakula cha mchana akaja chumbani kwangu, akanawa mikono, akajitoboa kidole, akasoma namba, akapiga hesabu ya dozi kichwani. Hesabu! Akanionyesha nihakikishe. Ilikuwa sahihi. Akabana ngozi ya tumbo, akajichoma bila kukunja uso. Miaka tisa na nusu. Mimi nimechoma watu maelfu, na nikichomwa mwenyewe hutazama dirishani.

Darasa la tano zima lilikuwa limejazana mlangoni. Hakuna aliyecheka. Mmoja akauliza kama inauma. Akajibu inauma kama kuumwa na siafu mmoja mwenye adabu.

Nilipogeuka, Shangazi alikuwa anafuta macho. Nami pia nilikuwa na kitu machoni. Vumbi la chaki.

Nikamfuata ofisini kwake kukiri. Akasema anajua, daftari huchapwa na yeye kila wiki. Akasema: "Ulikosea. Andika kwamba ulikosea, halafu tuendelee na kazi." Nikaandika, kwa wino mwekundu, na sahihi. Sasa kila saa nne tunakaa pamoja. Yeye anasikiliza nyayo, mimi napima. Daftari limejaa wagonjwa wa kweli. Mimi ni mtu mpya kabisa. Hila basi. Wivu basi.

Jumatano, 19 Februari

Usimamizi wa wauguzi kapewa mwingine. Sijali hata chembe. Nimekomaa.

Ila nimegundua jambo uwanjani. Mwalimu wa michezo anatibu vifundo vya miguu! Kwa barafu! Hapo hapo kwenye nyasi, bila kuniletea hata mmoja! Leo peke yake nimehesabu vinne. Na wanapona, wanarudi kucheza! Vifundo hivyo ni vya nani, kama si vyangu?

Shangazi amesema hataki kusikia. Sawa. Nimeazima darubini kwa shemeji yangu, na ngazi kwa fundi. Kesho kipindi cha michezo kikianza nitakuwa juu ya paa la bohari, kila kitu naandika. Fundi ameonya kwamba bati za upande wa uwanja zimeoza. Lakini fundi ni mnene, mimi ni mwepesi.